Mchora Mabango wa Busia na Sekunde Nane za Bure

Saa nne kasoro dakika tatu asubuhi, Paddy Ofumbi anaacha herufi katikati. Anafunga mkebe wa rangi nyekundu, anafuta vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha anatoa simu mfukoni na kuikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike.

"Bado," anasema bila kuulizwa. "Dakika tatu."

Yuko barazani mwa duka la vipuri vya pikipiki mjini Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Malori yamejipanga barabarani yakisubiri kuvuka kuingia Kenya. Mbele yake kuna ubao wenye maneno "SALUNI YA PROS". Mwenye saluni, Proscovia, itabidi asubiri kidogo apate jina lake lote.

Saa nne inapotimia, tarakimu kwenye pembe ya skrini inabadilika kutoka sifuri hadi tatu. Paddy anacheka na kupiga paja.

"Huko kwa wenye mashine sasa ndiyo usiku wa manane, siku yao mpya inaanza," anaeleza. "Wao nalala, mimi napata zawadi yangu."

Zawadi yenyewe ni nafasi tatu za bure kwenye programu ya akili mnemba, zile programu ambazo unaziandikia unachotaka kuona, nazo zinakutengenezea video. Kila nafasi inatoa video moja ya sekunde nane. Ukimaliza tatu zako, unangoja kesho saa nne. Ukitaka zaidi, unalipa.

Paddy, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hajawahi kulipa. Huduma ya kulipia ingemgharimu zaidi ya shilingi elfu sabini za Uganda kwa mwezi, na malipo hayo yanataka kadi ya benki.

"Kadi mimi nazo," anasema kwa uso mkavu. "Kadi ya kliniki na kadi ya kanisa. Hizo hawataki."

Mzaliwa huyu wa Nagongera, wilayani Tororo, alijifunza kuchora mabango kwa baba yake mdogo akiwa na miaka kumi na saba. Amechora majina ya maduka, shule na zahanati kuanzia Rubongi hadi Lunyo. Enzi hizo alikuwa akimaliza mabango manne hata matano kwa wiki, na watu walimsubiri.

Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango ya turubai. Mteja anaingia na jina, anatoka na bango kabla chai yake haijapoa. Kazi ya Paddy ikapungua hadi bango moja kwa mwezi, na hilo moja mara nyingi lilikuwa la kanisa lake mwenyewe.

"Nilikaa hapa kwa hii baraza na brashi yangu, watu wanapita wananisalimia vizuri sana," anakumbuka. "Salamu nyingi, kazi hakuna."

Mwaka jana aliona kwenye simu ya mteja video ya mbuzi aliyevaa suti akiuza nyanya. Akauliza imetengenezwa na nani, akaambiwa hakuna aliyeitengeneza, ni maneno tu yaliyoandikwa. Alipoambiwa pia kwamba ni bure, hakulala vizuri wiki nzima.

Leo anawatengenezea wafanyabiashara wadogo matangazo ya kusambaza kwenye makundi yao ya WhatsApp. Anatoza shilingi elfu kumi na tano kwa video, na mwezi mzuri unamwingizia kama laki mbili.

Jinsi anavyofanya kazi ni ile ile ya zamani. Maneno ya kuiagiza mashine anayaandika jana yake kwa penseli, nyuma ya kipande cha katoni. Anayasoma, anakata, anaandika upya. Ni desturi aliyoachiwa na baba yake mdogo, aliyemkataza kugusa ubao kwa brashi kabla ya kuupima kwa uzi.

Wapo waliomshauri afungue akaunti kumi kwa majina kumi, apate nafasi thelathini kwa siku. Paddy, ambaye ni mlokole asiyeficha, alikataa. "Mtu amenipa bure, halafu mimi namdanganya tena? Hapana." Hata ile alama ya programu inayotokea kwenye pembe ya video haifuti. Anasema naye alikuwa akitia jina lake chini ya kila bango.

Lakini kulikuwa na wiki moja, miezi mitatu iliyopita, ambapo nusura sekunde nane zimharibie jina alilolijenga kwa miaka ishirini.

Harriet Asekenye ana kibanda cha ajono kando ya barabara inayotoka Busia kwenda Tororo. Ajono ni pombe ya ulezi ya Wateso. Inawekwa kwenye chungu kikubwa, inaongezwa maji ya moto, na wanywaji wanakizunguka chungu kila mmoja na mrija wake mrefu. Kwa miaka kumi na mmoja kibanda hicho kimewalisha na kuwasomesha watoto wake wanne, na bango lake, "KWA ASEKENYE", lilichorwa na Paddy siku ya kwanza kabisa.

Harriet alitaka video, na Paddy akakubali. Alipiga picha ya kibanda kitupu, bango likionekana vizuri juu ya mlango, akaipa programu na kuiagiza iweke watu.

Siku ya kwanza mashine ilileta vijana wanaokunywa kwa mirija mifupi ya soda, ya rangi ya waridi, na kipande cha limau kikielea chunguni. Siku ya pili ilielewa. Mvuke ulipanda kutoka kwenye chungu, wazee watano walicheka mpaka mabega yakatikisika, na mirija yao ilikuwa mirefu kama inavyotakiwa. Paddy alimtumia Harriet video hiyo siku ya Ijumaa, na Harriet akaisambaza kote.

Jumapili, siku ambayo kibanda hujaa, Harriet alihesabu wanywaji wanne. Kwa kawaida huwa thelathini.

"Nilifikiri kuna msiba mahali," anasema Harriet, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. "Nikatoka nje. Nikaona wazee yangu yote wamekaa kwa chungu cha Adeke, ng'ambo ya barabara. Wananiangalia kama mimi nimeiba kitu."

Kiongozi wao alikuwa Mzee Ecodu, mstaafu wa reli, ambaye ana kiti chake mwenyewe kibandani kwa Harriet. Mzee huyo aliitazama ile video mara moja, akaitazama tena, kisha akasimama. Wale wazee watano wa kwenye simu, wote, walikuwa wameshika mirija kwa mkono wa kushoto.

Asiyejua atauliza kuna nini. Kwenye chungu cha ajono mrija unashikwa kwa mkono wa kulia. Anayeushika kwa kushoto anawatukana wenzake, na wakongwe wanakwenda mbali zaidi. Wanasema mtu wa namna hiyo ana nia mbaya na wale anaokunywa nao.

"Mimi siwezi kukaa mahali ambapo tangazo lake nafundisha watoto mambo ya wachawi," Mzee Ecodu anamwambia mwandishi, bado akiwa na hasira kidogo. "Mmoja kushoto, ningesema amesahau. Watano? Hapana, kijana. Watano wamekubaliana."

Kufikia Jumatatu kibanda kilikuwa kimepata jina jipya. Madereva wa bodaboda walikuwa wakiulizana, "Nakupeleka kwa Mkono wa Kushoto?" Na jina la utani la Busia likishagandana na mtu, halitoki hata kwa sabuni.

Harriet alimfuata Paddy barazani. "Paddy, wewe umenifukuzia watu. Jumapili hii nikikosa watu tena, hii jina inabaki kwangu mpaka nakufa. Na wewe pia, nani atakupa kazi?"

Hakuwa anatishia tu. Asubuhi hiyo hiyo wateja wawili walikuwa wameghairi video zao. Mmoja wao, muuza viatu, alimwambia Paddy bila kupepesa macho kwamba hataki tangazo la kufukuza watu, kwani anaweza kuwafukuza mwenyewe.

Ilikuwaje mtu anayeona herufi iliyoinama kwa unene wa unyoya asione mikono mitano? Paddy anainamisha kichwa anapoulizwa. Hajawahi kuonja pombe. Chungu cha ajono alikuwa amekiona kwa mbali tu, akipita haraka.

Hilo, hata hivyo, ni nusu ya jibu. Nusu ya pili anaitoa mkewe, Patricia Apio, anayeuza nguo za mitumba mbele kidogo.

"Mimi ni mtoto wa mpishi wa pombe, Rubongi," anasema Patricia. "Mama yangu amenisomesha na chungu. Hii kitu angenionyesha, ningeona kabla hajamaliza kufungua simu. Lakini baba Benedeta alinificha."

Alimficha kweli. Kila video aliyowahi kutengeneza alimwonyesha mkewe kwanza, isipokuwa hiyo. Wote wawili wanaimba kwaya moja, naye aliona haya kukutwa akitangaza pombe. Aliificha simu chini ya mto kama mvulana mwenye barua ya mapenzi. Patricia aliyajua mambo yote sokoni, kwa mdomo wa mnunuzi wa blauzi.

"Nilikasirika," anakiri. "Si juu ya pombe. Juu ya kunificha. Miaka kumi na nne tunaishi wote, halafu mimi nasikia habari ya bwana yangu kwa mtu wa blauzi!"

Paddy alikuwa na nafasi tatu kwa siku na Jumapili ikija mbio. Jumatatu aliiandikia mashine kwamba wazee washike mirija kwa mkono wa kulia. Ikaleta mikono ya kushoto. Jumanne akaandika kwa herufi kubwa. Ikaleta mikono ya kushoto na wazee wenye nyuso za hofu, kana kwamba walisikia wanafokewa. Jumatano mzee mmoja alipata mkono wa tatu. Nao ulikuwa wa kushoto.

"Hapo nilicheka, halafu nikataka kulia," anasema Paddy. "Ningekuwa na pesa ningeendelea kubonyeza mpaka ichoke. Lakini bure ina mwisho, inakuambia rudi kesho."

Alhamisi, baada ya kupoteza nafasi tatu nyingine, alimkabidhi Patricia simu na kumwomba msamaha. Patricia aliitazama ile video ya kwanza, ile nzuri, kwa muda mrefu. Kisha akanyanyua macho, akatazama duka la dawa lililo ng'ambo, lenye kioo ambacho Paddy alikiandika miaka tisa iliyopita. Maandishi kwenye kioo huchorwa kutoka ndani, kinyumenyume, ili aliye nje ayasome sawasawa.

"Baba Benedeta," alisema, "si ungeigeuza tu, kama ile dirisha?"

Paddy alikitazama kioo, akaichukua simu. Kisha akaigeuza video kwa programu ya bure iliyokuwa kwenye simu yake, kulia ikawa kushoto na kushoto ikawa kulia. Wazee watano wakashika mirija kwa mikono mitano ya kulia, safi kabisa. Alipiga yowe, na mwenye duka la vipuri akatoka nje na spana mkononi akidhani kuna mwizi.

Furaha hiyo ilidumu dakika mbili. Bango la "KWA ASEKENYE" lilikuwa limegeuka pia, halisomeki. Harriet alipoonyeshwa alikataa katakata. Mlango kuhamia upande wa pili hakujali, maana wanywaji wake hawauangalii mlango. Lakini jina?

"Sasa wataongeza kwamba huyu mama wa mkono wa kushoto hajui hata kuandika," alisema.

Basi mchora mabango akafanya jambo analolijua. Ijumaa alichukua ubao mpya na kuchora "KWA ASEKENYE" kinyumenyume, herufi kwa herufi, kwa ufundi ule ule wa vioo. Kazi ilimchukua nusu siku. Jioni aliutundika mahali pa bango la zamani, na Jumamosi saa tatu asubuhi akapiga picha mpya. Mpango ulikuwa rahisi: mashine ilete mikono yake ya kushoto kama ilivyozoea, yeye aigeuze video, na jina na mikono vyote vikae sawa.

Saa nne ikafika. Paddy, Patricia na Harriet waliinamia simu moja. Nafasi ya kwanza ikatoka, na wazee wote watano walikuwa wameshika mirija kwa mkono wa kulia.

"Wiki nzima naiomba kulia, inakataa," Paddy anasimulia huku akijipiga kifua. "Siku nataka kushoto, inaniletea kulia! Huyu ndiye shetani mwenyewe."

Nafasi ya pili ilileta watatu wa kulia, wawili wa kushoto, na kuku juu ya chungu. Ikabaki moja. Patricia alimwambia mumewe aombe. Paddy anakiri kwamba hiyo ndiyo sala ngumu kuliko zote alizowahi kusali, kwa sababu alikuwa mlokole anayemsihi Mungu, kwa jina la Yesu, ampe wanywaji watano wa pombe wa mkono wa kushoto.

Alibonyeza. Walingoja. Mvuke ukapanda, wazee wakacheka, na Patricia akahesabu kwa kidole juu ya skrini. Kushoto, kushoto, kushoto, kushoto, kushoto.

Harriet alimkumbatia Patricia kwa nguvu mpaka kilemba kikamtoka. Video iligeuzwa, ikasambazwa kabla ya saa sita.

Jumapili mchana Mzee Ecodu alikuja hadi katikati ya barabara, akasimama. Harriet alimpelekea simu huko huko. Mzee alivaa miwani, akatazama, akahesabu, akarudia. Kisha akavuka.

"Yoga, toto," alimsalimia Harriet kwa Kiteso, yaani hujambo mama, akaketi kwenye kiti chake na kuomba mrija. Wengine kwa Adeke walisubiri aunyonye mara ya kwanza, ndipo nao wakainuka mmoja mmoja. Kufikia saa kumi Harriet alikuwa ameongeza maji ya moto mara mbili, na walikuwa wamekaa mpaka nje ya kibanda.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Lile bango la kinyumenyume lilikuwa bado liko juu ya mlango, kwa kuwa Paddy alikuwa amesahau kuliteremsha. Vijana waliokuja kuchungulia kibanda cha mkono wa kushoto walilikuta, wakacheka, wakajipiga picha mbele yake. Na kwenye simu ya mtu anayejipiga picha mwenyewe, wakati anajitazama, herufi zile zinasomeka sawasawa. Habari ikavuka mpaka. Jumapili iliyofuata walikuja hata wa Busia ya Kenya, wengine wakiagiza soda tu ili wapate nafasi chini ya bango.

Miongoni mwao alikuwa Odwori, fundi wa simu wa upande wa pili. Aliposikia kisa chote alimtazama Paddy kwa huruma.

"Buda, si ungeigeuza tu ile picha ya kwanza kwa simu kabla ya kuipatia mashine?" alimwuliza. "Ukigeuza video baadaye, jina linarudi sawa, na bango la zamani lingekaa tu vile lilikuwa. Ni kubonyeza mara moja."

Paddy alifikiri, akaona kwamba ni kweli. Nusu siku nzima, ubao mpya na robo mkebe ya rangi, kwa jambo la kidole kimoja. Alicheka hadi akakaa chini.

"Lakini kama ningejua," anasema sasa, "hii bango isingekuwepo."

Na bango lile ndilo lililomrudishia brashi. Tangu siku hiyo ameagizwa mabango kumi na moja ya kuchorwa kwa mkono, manne kati yake ya kinyumenyume, na moja ni la duka la Lunyo ambalo lilikuwa na turubai la kuchapishwa. Mwenye turubai alimwambia linapauka na halichekeshi mtu. Muuza viatu naye amerudi, akijifanya hakuwahi kuondoka.

Video za bure hajaziacha. Anasema hata akipata kadi ya benki kesho, atafikiria mara mbili kabla ya kulipa, maana zile nafasi tatu zinamlazimisha kupima kwa uzi. Kilichobadilika ni kitu kimoja. Hakuna video inayotoka kwenye simu yake kabla Patricia hajaitazama. Anaanza na mikono, kisha miguu, kisha anauliza kama kuna mtu anayempa mkubwa wake kitu kwa namna isiyofaa.

Mpango wa Paddy ni kukodi chumba cha mbele chenye dirisha la kioo ifikapo mwisho wa mwaka, aache kuazima baraza. Kwa miaka yote aliyowaandikia wengine majina yao, hajawahi kuwa na bango lake mwenyewe.

Bango hilo ameshaanza. Baada ya kuzitumia nafasi zake za leo kwa tangazo la saluni, anamaliza "COVIA", kisha anavuta ubao mwingine kutoka nyuma ya mlango na kuuegemeza ukutani. Patricia amefika na chakula, na anausoma mstari wa penseli kwa sauti: "OFUMBI NA APIO, MABANGO NA VIDEO."

"Jina yangu nafanya nini hapo?" anauliza. "Mimi sichori."

Paddy anafungua mkebe wa rangi, anachovya brashi.

"Wewe ndiye unaangalia mwisho," anamjibu, na kuanza na herufi A.